Mchuzi Alioumwaga Mama

Watu wa semina hawaniachi. Wanakuja na fulana zao zilizoandikwa kifuani, wanakodi ukumbi, wanatugawia soda na kalamu, kisha wananisimamisha mbele niwaeleze akina mama wenzangu siri ya kudumu na wateja. Nasimama. Mimi si mtu wa kukataa soda. Nawasimulia habari za mama yangu na kuku wake, wanapiga makofi, mtu wa semina anaandika ubaoni "taswira ya biashara" na kuipigia mistari miwili chini, nami narudi kwenye kiti changu nikiwa nimesema nusu tu ya jambo lenyewe. Nusu ya pili sijawahi kuisema ukumbini, kwa sababu najua hakuna atakayepiga makofi.

Mama alikuwa Mndali, mzaliwa wa milima ya Ileje, mtu wa kanisa. Baba alipofariki tuliteremka Tunduma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akajiona mfanyabiashara, hata wale ambao kwao hakuna aliyewahi kuuza nyanya. Alianza kama mama ntilie wengine wote: turubai, mafiga, sufuria mbili na mabenchi ya kuazima, pembeni ya foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Mbeya na simu za mkononi zilikuwa habari za watu wa mbali. Lori likikwama kwenye karatasi za forodha, dereva alikaa pale hadi akawajua watoto wa mtaa kwa majina na kuanza kuwakemea kama wake.

Madereva na wenye malori wengi walikuwa Waislamu, watu wa Tanga, wa Kondoa, wa Kigoma. Walikuja kwa mama, wakaketi vizuri, wakasalimia vizuri, kisha wakaagiza chai na maharage. Kesho tena chai na maharage. Nyama ya kuku ilibaki kwenye sufuria mpaka tunaila sisi wenyewe. Mama ntilie wa jirani walimwambia asijisumbue, wale ni wabahili tu. Mama hakuridhika na jibu hilo. Siku moja alimsogelea mtu mzima mmoja miongoni mwao, akamwuliza kwa upole chakula chake kina kasoro gani.

Yule mtu aliona haya. Alizungusha kikombe chake mezani kwanza.

"Hakina kasoro, dada. Ila hatumjui anayekuchinjia."

Basi. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa wazi siku zote.

Nyuma ya kibanda chetu aliishi mzee mmoja aliyeuza mafuta ya taa, Mwislamu mcha Mungu, mpole hata kwa wadaiwa wake. Asubuhi iliyofuata mama aliwafunga kuku miguu akawapeleka kwake wachinjwe. Kwa uchochoro ungefika kwa yule mzee kabla hujamaliza kupiga chafya. Mama hakupita uchochoroni. Alizunguka kwa mbele, akakatiza katikati ya mabenchi, akawasalimu wanywa chai mmoja mmoja huku kuku wanalalamika mkononi mwake, akamwita yule mzee kwa sauti kutoka barabarani. Akarudi kwa njia ileile na kuku waliokwisha kuchinjwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilijiona mjuzi, nikamwuliza kwa nini anajichosha kuzunguka.

"Nataka waone kuku wanakwenda wapi," alisema.

Hiyo ndiyo nusu ninayoisimulia ukumbini. Hadi leo naiona ni akili kubwa. Mama hakuandika kibao, hakumwambia mtu yeyote kwamba chakula chake ni halali. Aliwatembeza kuku mbele ya watu kila asubuhi, mvua ikinyesha, upepo wa Tunduma ukimpuliza vumbi la barabara machoni, na mwezi haukuisha kabla wale wa chai na maharage hawajaanza kuagiza mapaja na mbavu. Mwezi wa Ramadhani alining'iniza kanga mlangoni ili wanaokula mchana wasiwakere waliofunga, na jioni uji wa mchele na tambi vilikuwa tayari. Kanga zilipasuka, benchi za kuazima zikawa zetu, turubai likawa bati.

Mteja wake mkubwa alikuwa mtu wa Kondoa mwenye malori kadhaa. Madereva wake walimwita tajiri, nasi tukamwita hivyohivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi, mwenye vidonda vya tumbo, na mama alimpikia mchuzi wake peke yake bila pilipili hata siku ambazo hakuwa na hakika kama angefika. Dereva wake mmoja alipolazwa kwa malaria, mama alimpelekea uji mpaka alipotoka. Tajiri hakusahau. Aliwaambia watu wake wakiwa Tunduma wale hapo, na wao wakawaambia wengine, wakaja mpaka wanawake wa Kizambia waliovuka kununua mchele, wakamwita "bamayo", yaani mama kwa Kibemba, na kukaa kutwa.

Naomba ieleweke tulivyokuwa. Tunduma hatukuwa na shamba, hatukuwa na ukoo, baba alikuwa kaburini. Tulikuwa na neno moja tu lililozunguka barabarani: kwa mama yule unakula bila kuuliza. Neno hilo likivunjika, tungefunga mizigo.

Sasa mjomba.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, mzee wa kanisa huko kwao milimani, upande wa Itumba. Wazazi wao walifariki mapema, akamlea mama mwenyewe. Ndiye aliyemsomesha hadi pale shule ilipoishia, ndiye aliyepokea mahari yake, na baba alipokufa ndiye aliyetuteremsha Tunduma na gunia la mahindi na la maharage, ambayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wa kibanda. Kila baada ya mavuno alikuja kututazama. Alicheka kwa tumbo lote, na akishika bega lako ulihisi uzito. Nilimpenda kuliko watu wazima wote niliowajua, na ninaandika hivi nikiwa na hasira bado, wala sijui hasira hiyo nimpelekee nani.

Siku hiyo maji yalikatika Tunduma, jambo la kawaida. Mama alitoka na ndoo kwenda kuyatafuta, akaniacha na maharage na dagaa kwa sababu mwuza kuku wetu hakuwa ametokea. Tajiri akafika na madereva wake, wamechoka, wametoka safari ndefu. Akaniuliza kuku, nikamwambia leo hawapo. Wakati huohuo gari dogo la kutoka Isongole, njia ya kwao mjomba, likasimama, mjomba akashuka na tenga: jogoo na mitetea, wanono, wa kwake mwenyewe.

"Kumbe wamekuja," tajiri alisema, akatabasamu. Akasema anakwenda kwa ajenti wake wa forodha na watu wake, wakirudi wakute kuku.

Mjomba alifurahi mno. Alikuwa amemletea dada yake zawadi, na zawadi imepata watu hata kabla haijawekwa chini. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaniuliza kisu kiko wapi.

"Mjomba, kuku huwa tunawapeleka kwa mzee jirani."

"Ana nini mzee jirani?"

"Ndiye anayetuchinjia."

Akacheka, akanishika bega. "Mwanangu, hiyo ni kwa sababu nyumba hii haina mwanaume. Leo nipo. Tutamsumbuaje mzee wa watu?"

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Kwetu milimani mwanamke hachinji. Mjane akitaka kupika kuku anamwita jirani wa kiume, na jirani anakuja bila kinyongo, lakini kila mtu anajua kwamba huo ni ukiwa wa nyumba isiyo na mwanaume. Mjomba alisikia maneno yangu kwa masikio ya kwao. Alidhani naona haya kumpa kazi yeye mgeni. Habari za Waislamu kuchinja alizijua, lakini kwake hizo zilikuwa za machinjioni, za ng'ombe na mabucha ya mjini, si za kuku wake aliowafuga mwenyewe na kumletea dada yake. Nikataka kusema zaidi. Mteja akaita chai, mwingine akaita chapati, na kumkatalia mjomba mara ya pili ni jambo ambalo sikuwa nimefundishwa. Niliporudi jikoni manyoya yalikuwa yametapakaa na mjomba anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Kuku waliiva. Tajiri alirudi na watu wake wakaketi, wakanawa. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nilikuwa nazungukazunguka na sahani, nachelewesha, naomba mama aingie.

Akaingia kwa nyuma na ndoo yake kichwani. Alimwona kaka yake akauweka mzigo chini kwa furaha, akamshika mikono. Kisha akaona sufuria. Akaniangalia mimi.

"Mzee jirani ameshakuja?"

Mjomba ndiye aliyejibu, akijipiga kifua. "Leo nimekuchinjia mimi, mdogo wangu."

Sikuwahi kuuona uso wa mama ukibadilika hivyo. Halafu akachukua matambara, akaishika sufuria kwa masikio yake mawili ikiwa bado inatokota, akatoka nayo mbele, akaisimamisha katikati ya mabenchi palepale alipozoea kupita na kuku asubuhi.

"Ndugu zangu, nisameheni," alisema kwa sauti. "Kuku hawa msile. Amewachinja mtu asiyejua."

Akaenda hadi kwenye jalala la majivu ng'ambo ya mfereji, akamwaga kila kitu. Mchuzi, mapaja, maini, vyote. Watu wanamwona. Alitaka wamwone.

Tungeweza kula wenyewe. Hilo ndilo ninalolirudia usiku na mchana. Kuku wale hawakuwa na ubaya wowote kwetu sisi, tungewafunika wakatutosha hadi kesho. Lakini mama wakati ule hakuwa anafikiria chakula. Alifikiria benchi zile, na alijua kuku aliyefunikwa jikoni ni kuku ambaye watu wataulizana alikwenda wapi.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya shati bado imekunjwa, na tabasamu lilikuwa halijamalizika kuondoka usoni. Alitazama kuku wake kwenye majivu, mbwa wameshafika. Kwao kitu kilichotoka mkononi mwa mtu kikitupwa jalalani mbele ya wageni, maana yake mtu mwenyewe ni najisi. Alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo, akavaa koti, akachukua tenga lake tupu. Akaniambia mimi, si mama, kwamba lile gari la Isongole huwa halichelewi.

Tajiri aliinuka akamkimbilia barabarani. Niliwaona wameshikana mikono, tajiri anaongea na mjomba anaitikia kwa heshima. Nilisikia mwisho wake tu. "Hakuna neno, ndugu yangu. Kuleni mshibe."

Na mama alifanya nini? Alipakua maharage. Alihakikisha kila mtu amepata, tajiri na wasio tajiri, akawapa na chai ya bure. Alipomaliza kuwahudumia ndipo akavua aproni na kukimbia stendi. Gari lilikuwa limeondoka.

Aliporudi, tajiri alimwambia maneno ambayo nadhani yalimtesa kuliko yote. "Dada, ungeninong'oneza tu. Maharage yako yana ubaya gani?"

Lakini tajiri huyohuyo, mtu wa maneno machache, alipofika Makambako akasimulia. Akasimulia Morogoro, akasimulia Dar es Salaam. Madereva wake wakasimulia Kapiri na Lusaka, huko Zambia. Kuna mama Mkristo mpakani, alimwaga sufuria nzima ya kuku waliochinjwa na kaka yake wa tumbo moja, akakataa kutulisha. Watu walikuja na basi wakimwulizia yule mama aliyemwaga kuku. Tulipata kuta za matofali, tukapata sakafu ya saruji, tukapata wapishi wa kusaidia. Hakuna tangazo ambalo lingetufanyia kazi ile. Kila mgeni aliyeingia na kumsifu, mama alishukuru akainamisha macho, akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

"Ningesema mchuzi umeungua," aliniambia siku moja tukichambua mchele. Nilimwelewa bila kuuliza. Uongo mdogo kiasi kile, na angebaki na wote wawili.

Alitaka kwenda Ileje kuomba radhi, na kila alipotaka palikuwa na sababu. Malori ni mengi wiki hii. Ramadhani inakaribia. Mpishi anaumwa. Wateja walikuwa wamemzoea yeye, wakimkosa wanauliza, na mtu anayeulizwa hawezi kuondoka. Alituma chumvi, sukari, vitenge kwa makondakta wa Itumba. Mjomba alirudisha shukrani kwa mdomo wa makondakta haohao, maneno mazuri, ya kikanisa. Mavuno yakaja, yakapita, hakuteremka. Mengine yakaja. Kisha tukasikia kwamba dereva mmoja aliyekwenda kupakia mbao kule alikuwa amesimulia pale sokoni Itumba habari ya mama aliyemwaga kuku, kwa kusifu, bila kujua kaka mwenyewe amesimama hapo na kikapu chake. Watu walicheka, wakamwambia dereva aendelee.

Mama alifunga hoteli siku hiyohiyo aliposikia. Ndiyo mara ya kwanza kufungwa. Tulipanda gari na zawadi zetu, tukafika kwa mjomba mchana.

Alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitoka hadi njiani, akanipokea mzigo, akamwita mama kwa jina lake la utotoni. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, lakini mkono wake begani ulikuwa na uzito uleule. Tuliketi. Mama akaanza kusema alichokuja kusema, mjomba akamkatiza kwa kumwuliza habari za mvua za Tunduma. Akaanza tena, mjomba akauliza habari za afya ya yule mtu wa Kondoa mwenye vidonda vya tumbo, kwa dhati kabisa.

Kisha mke wake akaleta chakula. Ugali, maharage, majani ya maboga. Kwetu mgeni wa kutoka mbali, tena dada wa tumbo moja, hawekewi majani ya maboga peke yake. Kuku walikuwa wamejaa uani, wanapita mpaka mlangoni wanadonoa miguuni mwetu. Mke wa mjomba aliweka bakuli chini akatoka haraka bila kututazama.

Mjomba aliona tunaona.

"Mtusamehe," alisema. "Kuku wapo. Ila hapa kwangu hakuna wa kuchinja."

Mama aliweka tonge lake kwenye sahani. Machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. "Kaka, chinja wewe. Nakuomba. Nitakula mbele ya watu wote."

Mjomba alimtazama. Nilikuwa karibu naye, nikamchunguza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, nione kama kuna kejeli, kama kuna kisasi. Sikuona. Alisema kwa sauti ileile aliyomlelea.

"Hapana, mdogo wangu. Madereva siku hizi wanafika mpaka huku. Wakisikia umekula nilichochinja mimi, utapoteza wateja."

Akamsogezea bakuli la mboga karibu, akamwambia ale, njia ya kurudi ni ndefu.